Nyundo Iliyotoka Chini ya Gunia

Ajijuaye hafichi nyundo.

Mmeisikia leo mkutanoni, pale fundi wa pampu alipowaambia wenzake wa karakana ya pili waje waifungue mashine yake na kuitazama hadi ndani. Baadhi yenu mkacheka, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeshika nyundo. Sasa mnaniuliza nyundo hiyo imetoka wapi. Imetoka Kivindo, na niliisikia kwa watu waliokuwapo siku ile. Methali hii haikutungwa na mtu aliyeketi akafikiri. Ilimtoka mtu mdomoni amesimama mlangoni kwake, na safari yake ya kumfikia ilianza hivi.

Kivindo ni kijiji kilicho ubavuni mwa milima ya Upare. Juu yake upo msitu wenye chemchemi, na maji ya chemchemi hizo hukusanyika kwenye ndiva, bwawa lililochimbwa na mababu, kisha hufunguliwa kwa zamu yakateremka mashambani. Mwaka ule ndiva ilibaki tope. Wazee walipopanda kutazama, walikuta miti imekatwa kuni hadi ukingoni mwa chemchemi yenyewe. Wakaitisha mkutano, na mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba vuli ikianza kunyesha, msitu utafungwa. Hakuna atakayeingia na shoka, awe mpishi, awe fundi.

"Isipokuwa," akasema mwenyekiti, "apatikane mtu wa kutuonyesha jiko litakaloivisha makande kwa nusu ya kuni tunazochoma sasa. Wapishi wakipunguza, mafundi watabaki na fungu lao la kuni. Asipopatikana, hakuna fungu la mtu."

Waliotetemeka zaidi kwa maneno hayo walikuwa watu wa kampuni mbili. Ya kwanza ilikuwa Kampuni ya Wafinyanzi wa Kivindo, wanawake kumi na wanne waliochoma vyungu kwenye tanuri moja. Ya pili ilikuwa karakana ya wahunzi iitwayo Nyundo Tatu. Pasipo kuni hakuna tanuri, na pasipo makaa hakuna chuma kitakachopinda.

Kiongozi wa wafinyanzi alikuwa Nakijwa, mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Hakuwa mfinyanzi hodari kuliko wote. Namkunda, rafiki yake, alimshinda kwa wepesi wa vidole. Lakini Nakijwa alikuwa na kitu kimoja: mambo yakiharibika, hakuanza kwa kumtafuta wa kulaumiwa. Alianza kwa kukiokota kile kilichovunjika na kukigeuza geuza. Kila chungu cha kampuni yao kilitoka na alama ya kidole gumba chini ya kitako. Mtu akiuliza chapa hiyo maana yake nini, Nakijwa alijibu, "Maana yake kimepita mikononi mwetu."

Wafinyanzi walijaribu kwanza peke yao. Walitengeneza jiko la udongo mtupu, nene, na kweli lilitunza joto: kuni zilipungua hata wao wenyewe wakashangaa. Lakini lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, na mama wa pili aliyelibeba kulipeleka nyumbani lilimponyoka likawa vigae. Huko ng'ambo ya mfereji wa ndiva wahunzi nao walijaribu. Lao lilikuwa la bamba la chuma, jepesi, gumu, ukiliangusha linalia tu. Ila joto lote lilitokea ubavuni. Watu walilisema kwamba linampasha moto mpishi kuliko chungu.

Nakijwa aliposikia hivyo alifunga kanga yake vizuri, akavuka mfereji.

Nyundo Tatu ilikuwa karakana ya ukoo wa Mshana, na mkuu wake alikuwa Mzee Senkondo, mtu mrefu, mkimya, mwenye nyusi zilizoungua kwa cheche. Jembe lenye chapa ya nyundo tatu lilijulikana milimani na bondeni. Lakini miaka michache nyuma, karakana moja ya bondeni ilikuwa imemtuma mtu aliyejifanya mnunuzi. Akatazama, akarudi kwao, na msimu uliofuata majembe ya kuiga yakajaa sokoni, laini kama kijiko, yakiwa na chapa iliyofanana na yao. Wateja walirudi kwa Senkondo kumlalamikia majembe ambayo hakuyafua. Tangu hapo Nyundo Tatu ikawa na desturi mpya: mgeni akiingia, kazi husimama na vyombo hufunikwa.

Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo. Nakijwa alipotia mguu mlangoni, Kiangi, mpiga nyundo mkuu na mpwa wa Senkondo, alinyakua gunia akalitupa juu ya fuawe, chuma wanachofulia. Nakijwa akaona mpini wa nyundo tu ukichungulia.

"Hodi, Mzee Senkondo. Nimekuja na neno fupi," akasema. "Sisi tumetengeneza jiko linalotunza joto na kuvunjika. Ninyi mmetengeneza lisilovunjika na lisilotunza joto. Tukiweka udongo wetu ndani ya chuma chenu je?"

"Inawezekana," akasema Senkondo. "Lakini kila mtu afanye kwake, dada. Wewe niletee kipimo, mimi nitakuletea ganda la chuma. Huku ndani kuna mambo ya ukoo."

"Na kwetu kuna mambo yetu," akajibu Nakijwa. "Haya, tujaribu hivyo."

Wakajaribu. Wafinyanzi walipeleka kamba yenye mafundo ya kipimo, wahunzi wakaleta ganda la bamba, mviringo safi kama kopo. Udongo ukawekwa ndani, moto ukawashwa. Kabla maji hayajachemka walisikia ta! na ufa ukapita kuanzia mdomoni hadi chini. Wakarudia, safari hii udongo mnene zaidi. Ukapasuka. Wakarudia mara ya tatu, ganda likapwaya, udongo ukacheza ndani kama jino bovu, ukavunjika kwa kusogezwa tu.

Hapo maneno yakaanza. Wahunzi walisema udongo wa wanawake ni wa mabonde, haujapikwa ukaiva. Wanawake walisema chuma cha Nyundo Tatu kinabana kama nia zao. Siku zilikuwa zimebaki tisa, na juu ya vilele mawingu ya vuli yalikwisha kuanza kujikusanya.

Nakijwa aliketi uani na vile vigae vya majiko matatu mbele yake, akavigeuza kimoja kimoja. Baadaye alisimama akawaambia wenzake, "Nimekwisha kuona. Sisi tunapeleka kipimo cha udongo mbichi, nao hawajui kwamba udongo ukichomwa husinyaa. Hawajui kwa sababu hatujawaambia. Nao wanalipinda bamba kwa namna ambayo hatuijui, wala hatujui linaweza kupindika vipi vingine. Hawajatuambia. Tunashona nguo moja, kila mtu yuko chumba chake na mlango kaufunga. Kesho nitawaita waje hapa."

Namkunda aliweka chini chungu alichokuwa akisugua. "Hapa uani?"

"Hapa hapa. Wauone mchanganyiko, wauone udongo ukipondwa na vigae vya zamani, waione tanuri."

"Nakijwa! Mchanganyiko huo bibi zetu hawakumwambia hata mkwe. Ukiwapa, tumebaki na nini? Kesho wataajiri wanawake wengine wafinyange vyungu, na sisi tutakuwa wanawake kumi na wanne wenye matope miguuni."

Maneno hayo yaliwachoma wengi, na Nakijwa mwenyewe hayakumwacha salama. Msidhani hakuogopa; alisema baadaye kwamba aliogopa kama mtu anayetaka kuvuka mto uliofurika. Kisha akasema polepole, "Namkunda, wewe ulipojifunza mchanganyiko, ulichukua siku ngapi?"

"Siku moja."

"Na ulipata lini chungu cha kwanza kisichovuja?"

Namkunda akatabasamu bila kutaka. "Mwaka wa tatu."

"Basi sisi ni hiyo miaka. Mchanganyiko ni wa siku moja. Anayetaka kutuchukua na atuchukue na hiyo miaka, tumwone atakavyoibeba."

Kesho yake asubuhi wahunzi walivuka mfereji, wamejipanga nyuma ya Senkondo kama watu wanaokwenda kusikiliza kesi. Nakijwa hakuwapa viti. Aliwapa udongo. Alimfanya Senkondo mwenyewe apige magoti akande, huku akimweleza: fungu hili udongo mweusi wa bondeni, fungu hili mwekundu wa mlimani, na vigae hivi vilivyosagwa, ndivyo vinavyoufundisha udongo mpya kuvumilia moto, kwa kuwa vyenyewe vimekwisha kuungua. Akampimia shubiri moja ya udongo mbichi, kisha akamwonyesha kipande kilichotoka tanurini kilichokuwa shubiri siku kilipowekwa. Kilikuwa kimepungua upana wa kidole gumba.

Senkondo alikishika kipande kile akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa jibu la fumbo lililomsumbua tangu utoto. "Kumbe si kwamba chuma kilikosea," akasema.

"Wala si udongo," akasema Nakijwa.

Mzee akajifuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi. "Dada, nikuulize. Umenionyesha yote. Huogopi?"

"Nimeogopa tangu jana. Lakini nikajiuliza, kesho ukiamka na maarifa haya yote, utaamka mfinyanzi? Utaamka mhunzi, tena mhunzi anayejua udongo unasinyaa kiasi gani. Na mimi nitaamka Nakijwa. Nitakuwa nimepungukiwa nini?"

Senkondo aliinuka, akaaga kwa heshima, akaondoka na watu wake. Wanawake walitazamana. Namkunda akasema, "Haya. Wamechukua wakaenda." Nakijwa akarudi kukanda udongo.

Lakini jua lilipofika utosini Senkondo alirudi akiwa peke yake, akasimama upande wake wa mfereji akaita: "Dada Nakijwa! Njooni. Njooni nyote."

Walivuka. Walipofika mlangoni, wahunzi walikuwa wamesimama wima na nyuso zimekunjamana. Gunia lilikuwa mahali pake juu ya fuawe. Senkondo alikwenda moja kwa moja akalishika pembe.

"Mjomba," akasema Kiangi, "nyundo hiyo!"

"Naijua."

"Tulikula kiapo kwamba hakuna mgeni atakayeiona. Waliotuibia walikuja hivi hivi, kwa maneno mazuri."

"Waliotuibia walichukua umbo la jembe wakaacha ufundi," akasema Senkondo. "Na sisi tangu siku hiyo tumekuwa walinzi wa gunia. Mara ya mwisho kuvumbua kitu kipya hapa ilikuwa lini, Kiangi? Niambie. Hata wewe umesahau."

Kiangi akainamisha kichwa. Mjomba wake akalivuta gunia.

Nyundo yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na uso uliobinuka kama mgongo wa ng'ombe, na ndiyo iliyowawezesha Nyundo Tatu kulipinda bamba la baridi bila kulichana. Senkondo aliiokota, akaigeuza mpini mbele, akamkabidhi Nakijwa mbele ya watu wake wote.

"Piga," akasema. "Uone chuma kinavyosikia."

Nakijwa hakuwahi kushika nyundo ya wahunzi maishani. Lilikuwapo ganda moja lililopinda tayari, mviringo wa kopo, limesimikwa juu ya nguzo ya chuma iliyokuwa pembeni. Wahunzi hulipiga mdomoni na kitakoni, kuliimarisha. Yeye alilizunguka, mkono mmoja ukilipapasa kwa ndani kama anavyopapasa chungu kwenye kigae cha kufinyangia, akaanza kupiga katikati. Tang, tang, tang, akizungusha, akipiga palepale katikati. Bamba likaanza kubonyea.

Wahunzi wakaangua kicheko. "Mama, unaliua!" mmoja akasema. Kiangi mwenyewe alicheka, na kicheko hicho kilimtoa ukali usoni.

"Nimekosea?" akauliza Nakijwa, akasimamisha mkono.

"Hatupigi hapo," akasema Senkondo. Lakini hakucheka. Alikuwa amelisogelea lile ganda. "Kwa nini umepiga hapo?"

Nakijwa akatazama alichokifanya, naye akashangaa. "Sijui. Mkono umekwenda wenyewe. Chungu lazima kiwe na shingo."

Ganda lilikuwa limepata kiuno. Pana juu, limebanwa katikati, pana tena chini. Namkunda alisukuma watu akapita, akachukua bakuli la udongo lililokwisha kuchomwa, akalitumbukiza kwa juu. Likateremka, likafika kiunoni, likakaa. Halikubanwa pande zote kama zamani. Liliegemea pale kiunoni tu, na kuzunguka kuta zake ilibaki nafasi ya kuingia kidole.

"Likitanuka kwa moto lina pa kutanukia," akasema Namkunda.

"Na hiyo nafasi tuijaze majivu," akasema Kiangi haraka. "Majivu hayapitishi joto. Sisi huzika chuma kwenye majivu tukitaka kipoe polepole."

"Majivu!" wakasema wanawake kwa pamoja, na wakacheka kwa kuwa majivu yalikuwa yamejaa kwenye tanuri yao miaka yote na hawakuwahi kuyafikiria.

Tazameni jambo hilo, wanangu, maana mimi kila nikilisimulia hunistaajabisha. Mhunzi asingepiga pale katikati hata angeishi miaka mia. Alijua mno pa kupiga. Na Nakijwa asingepata kile kiuno kwa udongo wake, kwa sababu udongo mwembamba kiunoni hukatika. Ilihitajika nyundo ya wahunzi iliyoshikwa na mkono wa mfinyanzi, na mkono huo ulisaidia kwa kuwa ulibaki wa mfinyanzi. Nakijwa angejaribu kupiga kama Kiangi, wangepata kopo la nne.

Siku zilizobaki watu hawakujua tena nani yuko upande gani wa mfereji. Siku ya nane jiko likasimama kwenye uwanja wa soko. Mwenyekiti alipimisha kuni mbele ya watu: mzigo mmoja kwa mafiga matatu ya kawaida, nusu mzigo kwa jiko jipya. Makande yakawekwa kwenye vyungu viwili vinavyolingana. Kutwa nzima watu walikaa wakitazama, wengine wameacha mashamba. Nakijwa hakukaa. Alizunguka uwanja akisikiliza kama kuna ta! Haikusikika. Alasiri mpishi mzee aliyeteuliwa kuamua alichota punje kutoka kila chungu, akazibonyeza kwa kidole, akatafuna. Akarudia. Kisha akalielekezea mwiko lile jiko jipya na kusema, "Haya yameiva. Yale bado yananing'ang'ania." Na chini ya jiko zilikuwa zimebaki kuni mbili ambazo hazijashika moto.

Kelele zilizopigwa zilisikika hadi mlimani.

Mwenyekiti, kwa furaha yake, akapendekeza kampuni zile mbili ziunganishwe siku hiyohiyo ziwe moja, zipewe jina jipya na chapa mpya. Nakijwa na Senkondo walitazamana, na wote wawili wakatikisa kichwa.

"Tunashukuru, Mwenyekiti," akasema Nakijwa. "Lakini tukiwa wamoja, nani atapiga mahali pasipopigwa? Tuache tulivyo. Tutakutana kwenye jiko."

Basi jiko la Kivindo likatoka na chapa mbili: nyundo tatu ubavuni mwa chuma, na kidole gumba ndani ya udongo. Wapishi wakapunguza kuni kwa nusu, mafundi wakabaki na fungu lao, na baada ya vuli mbili ndiva ikarudi kujaa.

Ni hapo sasa ndipo tunapoifikia methali yenyewe.

Mwaka wa tatu walikuja watu wanne kutoka bondeni, wamepanda mlima kwa miguu. Nakijwa alikuwa Nyundo Tatu asubuhi hiyo, amekuja kuchukua maganda. Kiangi ndiye aliyekuwa karibu na mlango, kwani mjomba wake alikuwa amelala nyumbani na homa. Mkubwa wa wale wageni akavua kofia.

"Sisi ni wa karakana ya bondeni," akasema. "Mnatujua. Tuliwakosea kwa habari ya majembe, na sitaki kujifanya sijui. Lakini kwetu miti imekwisha. Wanawake wanakwenda kutwa nzima kutafuta kuni. Tumekuja kuomba mtuonyeshe jiko. Mkitufukuza, mna haki."

Kazi yote ikasimama. Nakijwa alimwona Kiangi amekunja ngumi, na alijua gunia liko wapi: lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma yake, mkono ungelifikia. Aliona si mahali pake kusema.

Kiangi aliwatazama wale watu mmoja mmoja. Akakumbuka, kama alivyoeleza mwenyewe, wateja waliorudisha majembe yasiyo yao. Akaangalia fuawe yake, akaangalia mikono yake. Kisha akatwaa nyundo yenye mgongo wa ng'ombe, akaigeuza mpini mbele, akamnyooshea yule mgeni.

"Ingia, kaka," akasema. "Piga, uone chuma kinavyosikia. Ila mkitengeneza la kwenu, litieni chapa yenu."

Mgeni aliipokea kwa mikono miwili. Alishindwa kujizuia. "Na ninyi hamwogopi? Hata baada ya yale?"

Kiangi akamtazama Nakijwa, kisha akamgeukia mgeni.

"Tulikuwa tukiogopa," akasema. "Wakati ule tulidhani sisi ni nyundo hii. Kaka, ajijuaye hafichi nyundo."